Mama mkwe anawalisha chungu, mimi nimeficha dawa uvunguni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Moshi na Arusha, kwa hiyo siku nyingi tunabaki mimi, mama na mwanangu wa kike ambaye ndiyo kwanza anakimbilia miaka miwili. Nitangulize kabisa kwamba mama mkwe wangu si mtu wa shari. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga, na hata nikikosea hanisemi mbele za watu. Ndiyo maana jambo hili limenikaa kooni.

Nyumba ni ya zamani, ya vyumba sita na korido katikati. Uani kuna jiko, bafu na mwembe mkubwa alioupanda marehemu baba mkwe. Chumba chetu ni cha mwisho, ukuta mmoja tunachangia na bafu, ndio ule ambao rangi haikai. Tangu masika yalipokwisha, kila nikifagia asubuhi nakuta chini ya mwimo wa mlango kijilima cha maranda laini, kama mtu kapitisha randa usiku. Nikiyaangalia kwa karibu naona ndani yake miguu na vichwa vya wadudu. Nazoa, kesho yapo tena. Baada ya Isha ndiyo wanatoka wenyewe: chungu wakubwa weusi, wengine wana wekundu wekundu tumboni, wanashuka kwenye tawi la mwembe lililolalia bati, wanafuata waya wa umeme, wanapita juu ya ukuta hadi kwenye ufa wa mwimo. Umeme ukikatika na feni ikizimika, ukiweka sikio pale unasikia kitu kinachakacha ndani ya mbao.

Usiku mmoja baada ya mvua walitoka wenye mabawa, wakajaa chumba kizima. Nikamwita fundi. Alitazama mabawa yaliyodondoka chini, akagonga mwimo kwa nyundo mara mbili tatu, akasema huyo ni mchwa, ameshafika juu, kenchi na papi zote zishushwe ziwekwe mpya zilizopakwa dawa. Akataja zaidi ya milioni mbili. Mume wangu aliposikia kwenye simu alicheka tu, akauliza hiyo pesa ataitoa wapi.

Sasa shida yenyewe ni mama. Mama hataki chungu auawe. Anasema Mtume amekataza, na kwamba chungu ana sura yake ndani ya Kurani. Jioni anawawekea kisahani cha sukari pembeni ya mlango wa uani na kuwaambia, "Kwa haki ya Nabii Suleiman, kuleni hapa mtuachie nyumba yetu." Wanakula, halafu wanarudi mwimoni. Nikitaka kuwamwagia maji ya moto ananishika mkono. Juzi mwanangu aling'atwa mguuni akalia hadi akapaliwa. Mama akampaka mafuta ya nazi, akaniambia mtoto kawakanyaga.

Nikaenda gulioni kununua dawa. Muuzaji alinimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi yoyote, akasema vifuniko viwili kwa lita ya maji, hata nyoka habaki. Nimeificha uvunguni mwa kitanda. Mwezi ujao mama anakwenda Pangani harusini, atakaa wiki nzima. Nilimwambia mume wangu nataka nipulize akiwa hayupo. Akanijibu, "We fanya unavyoona, mimi sijui kitu."

Mama ana kifua, Shangazi, dawa ya mbu tu inambana. Lakini nadhani hadi arudi harufu itakuwa imeisha. Nikimwomba ruhusa atakataa, na nyumba ni yake. Nikinyamaza, mlango utatuangukia mimi na mwanangu. Je, nipulize akiwa Pangani, au nivumilie? Nakuomba usitaje jina langu.

Mkaza mwana, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya la mama, la mume na la chungu, kuna la ile chupa. Mtoto wa umri huo anaingia uvunguni wakati wewe umegeuka kuchukua kanga, na chupa ya maji kwake ni maji. Itoe hapo leo, ifungie juu asikofika, hata kama hujaamua utaifanyia nini. Kisha tuendelee.

Nilivyokuelewa ni hivi. Unaishi kwa mama mkwe unayempenda na aliyekulea wakati wa uzazi. Wadudu wamejichimbia mlango wa chumba chako na wameshamng'ata mwanao. Mwenye nyumba anaona kuwaua ni dhambi, mwenye mke amejitoa kwa maneno matatu, na mbele yako kuna wiki moja ambayo hakuna atakayekuona. Ningekuwa mimi, nami ningeihesabu hiyo wiki. Lakini naona umeshika mambo kadhaa kuwa ni hakika, na nisingependa uamue kabla hatujayageuza kidogo.

Nianze na fundi, maana nyumba nzima imemwamini haraka. Mchwa hula mbao. Kwa kawaida hakuachii maranda ya kuzoa: hupita ndani ya vijia vya udongo ukutani, na ukivunja mbao aliyoimaliza unakuta matope makavu. Hawa uliowaeleza wewe hawali mbao hata kidogo. Wanaichonga wapate pa kukaa na kulelea watoto wao, mashimo yao ni masafi na laini, na wanachokichonga wanakitupa nje pamoja na maiti za wenzao na masalia ya wadudu waliowala. Ndivyo hivyo vichwa na miguu unavyovizoa asubuhi. Chakula chao kiko nje: wadudu wengine, vitu vitamu, na maji matamu yanayotolewa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani ya miti. Mwembe wenu ni mkahawa wao.

Lile la mabawa lisikutishe, chungu nao huota mabawa msimu wao wa kuoana ukifika. Kama umebakiza mmoja aliyekauka pembeni mwa dirisha, mshike umtazame mwangani. Kumbikumbi, ambaye ndiye mchwa, ana mabawa manne yenye urefu mmoja na mwili wake hauna kiuno. Chungu ana kiuno chembamba kabisa, mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, na vipapasio vyake vimekunjika katikati. Simdharau fundi wako. Nyumba za Tanga zina mchwa kweli, na nyumba moja inaweza kuwa na wote wawili. Ila mtu anayetaja milioni mbili kwa kugonga mwimo hajapanda darini. Tafuteni mwingine apande na bisibisi, aichome kenchi moja baada ya nyingine, hasa pale bati linapokutana na ukuta. Mbao nzima huikataa bisibisi.

Halafu kuna kitu umekiandika kwa kupita: ukuta wa bafu ambao rangi haikai. Mwanangu, mimi nilisimama hapo. Chungu hawa hupenda kuanzia kwenye mbao iliyokwisha kulainishwa na maji, kwa sababu malkia na mayai yake wanahitaji unyevu. Mara nyingi kiota kikuu kiko kwingine, kwenye kisiki au ndani ya shina lililooza, na kilicho nyumbani ni kambi tu iliyofunguliwa baadaye. Kwa hiyo swali langu kwako ni maji yanatoka wapi. Bafu linavuja kwenye maungio ya bomba? Sakafu yake imepasuka upande wa chumba chenu? Msumari wa bati umelegea juu ya mlango, au gata limejaa majani ya mwembe na kumwaga ukutani? Ukiua kila chungu ukauacha ukuta umelowa, umeandaa chumba kwa mpangaji mwingine. Na yale maji ya moto uliyotaka kumwaga yangeizidishia mbao unyevu.

Kuhusu mlango kukuangukieni, hapo pia nakuomba utulie. Kutoka kwa wenye mabawa ndani ya chumba ni dalili kwamba wana makazi humo humo, na kwamba kundi limekuwapo kwa miaka, si tangu masika haya. Si jambo la kupuuza. Lakini kazi yao huenda polepole, na una muda wa kufikiri kuliko unavyodhani. Hakuna kitakachoharibika zaidi ya kilichoharibika kwa sababu ulisubiri harusi ya Pangani ipite.

Sasa tuje kwenye ile wiki.

Ukipulizia juu ya ukuta na kwenye njia yao, utawaua wanaotembea, na wanaotembea ni sehemu ndogo ya kundi. Malkia yumo kiotani, hatoki. Dawa nyingi za kupulizia huwafukuza tu, nao wakahamia mwimo wa chumba kingine au juu ya dari, na ukapoteza ile njia moja unayoijua. Hayo ni ya dawa halali. Hiyo yako haina jina. Hujui ni ya shambani au ya nyumbani, hujui inakaa kwenye ukuta siku ngapi, na wewe unalala humo na mtoto anayeshika ukuta kisha kulamba vidole. Viuatilifu nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na dawa iliyosajiliwa huuzwa kwenye chombo chake chenye maandishi yake. Kinachomiminwa kwenye chupa ya maji hata daktari hatajua akutibu nini. Unasema harufu itaisha. Harufu kuisha na dawa kuisha ni mambo mawili, na kifua cha mama yako hakitangoja uthibitisho. Usiimwage kwenye karo wala chooni, muulize afisa afya wa kata ipelekwe wapi.

Tuseme yote yaende salama. Mama anarudi, jioni anatoa kisahani chake, chungu hawaji. Atakuuliza. Utamjibu nini? Labda utadanganya vizuri na maisha yataendelea, wapo wanaoishi hivyo. Labda atagundua kwa jirani aliyesikia harufu. Wewe unamjua, mimi simjui. Ninachokiona kutoka mbali ni kwamba huyu ndiye unayebaki naye siku zote mume akiwa njiani.

Na kwa kuwa nimekitaja kisahani, niseme na hili kabla halijakujia lenyewe. Utasikia kwamba kuna unga wa boriki, unachanganywa na maji ya sukari, chungu wanaubeba hadi kwa malkia. Ni kweli, na nitakueleza hapo chini. Lakini usiutie kwenye kisahani cha mama. Yeye anawaita kwa jina la Nabii Suleiman waje kula kwa amani, na wewe ukaifanya karamu yake kuwa sumu bila yeye kujua. Katika barua yako yote hilo ndilo ningekusihi usilifanye. Mengine tunaweza kuzungumza.

Hicho kisahani kina faida nyingine ambayo nadhani hamjaiona. Kuwalisha kila siku kunawashibisha, sawa, lakini pia ndiyo njia nzuri ya kujua wanakokwenda. Usiku, wakishakusanyika, kaa na tochi hafifu, ukiweza ifunike kwa karatasi nyekundu wasishtuke, uwafuate wanaoondoka. Angalia wangapi wanaelekea mwimoni na wangapi wanapanda mwembeni. Mwombe mama mkae wote. Yeye macho yake yamewazoea.

Kuhusu imani yake, mimi si shehe. Hadithi anayoitaja ipo, kaipokea Ibn Abbas na imo katika Abu Dawud, chungu wametajwa pamoja na nyuki. Ipo na ile inayokataza kuwaadhibu kwa moto, iliyosemwa walipochoma kijiji cha chungu. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kumwondoa chungu anayeleta madhara pale njia nyingine zinaposhindikana. Nakutajia uyajue, usiende nayo kwa mama kama wakili mwenye kesi. Akitaka kuuliza, amuulize shehe wake mwenyewe, yule anayemwamini, na jibu liwe lake. Tena najiuliza kama ni chungu peke yao anaowatetea. Mti kaupanda mumewe marehemu. Fundi kaja kasema nyumba ibomolewe juu. Huenda anaogopa kwamba leo ni chungu, kesho mwembe, keshokutwa nyumba. Nauliza tu. Umewahi kumuuliza anaogopa nini, kabla ya kumuuliza anakataza nini?

Maana kuna mengi ambayo sioni kwa nini ayakatae. Kuziba bafu linalovuja si kuua chungu. Kurudisha msumari wa bati na kusafisha gata si kuua. Kupunguza lile tawi moja lililolalia bati, mti ukabaki, kunawakatia daraja (ila liko karibu na waya wa umeme, asipande mtu na panga kabla ya kuwaarifu TANESCO). Kuni na mabaki ya mbao kama yameegemezwa ukutani, yasogezwe mbali na yainuliwe juu ya mawe. Kisha mwimo wenyewe: kama umeoza, seremala aung'oe mzima mchana, autoe nao ndani, aupeleke mbali na nyumba, aweke mwingine mkavu wa mbao ngumu kama mninga, aliouziba vizuri pembeni. Mwimo mmoja hauna gharama ya paa. Njia hii ina kasoro yake: kuna watakaotawanyika, na kama kuna mbao nyingine iliyolowa hamkuiona, wataihamia. Mtafuatilia maranda miezi kadhaa.

Mama akikubali kwenda mbali zaidi, boriki ndiyo nyepesi kuliko kupuliza. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyotiwa vijiko vya sukari, kwenye pamba ndani ya kikopo chenye matundu, kiwekwe njiani kwao juu kabisa, mtoto asikofika, kwa sababu nayo ni sumu ikimezwa. Usiizidishe ukidhani itafanya kazi haraka, ikiwa kali wanakufa kabla ya kufika nyumbani. Inachukua wiki, pengine zaidi. Na kisahani cha sukari kitakuwa kimeondolewa kwa ridhaa yake, la sivyo wataenda huko. Akikubali mpulizaji mwenye kibali, mwambie mapema kuhusu mtoto na kifua cha mama, muulize mtatoka nyumbani kwa saa ngapi, na akuoneshe chombo cha dawa.

Mguu wa mtoto, osha kwa sabuni na maji baridi. Akivimba uso au akihema kwa shida, hiyo ni hospitali, haingoji.

Nimebakiza mume. "Mimi sijui kitu" maana yake anajua na anataka usimwambie. Sitamlaumu sana, mtu akiwa njiani anapenda nyumbani kuwe kumetulia. Ila mwenye mama ni yeye. Likiharibika, wewe utakuwa mkaza mwana uliyepuliza sumu nyumba ya watu, naye hakujua kitu. Safari hii akirudi, kabla hajalala, mpeleke mlangoni na tochi aone mwenyewe. Kisha mzungumze ni nani atakayemwambia mama kuhusu bafu. Labda atakuomba uanze wewe. Labda atataka yeye. Mnaweza hata kuafikiana kwamba mtahamia chumba cha mbele kwa muda na kuliacha hili hadi pesa ipatikane, nalo si jibu baya kwa nyumba ya vyumba sita.

Niandikie ukishampata yule mwenye mabawa. Kama mabawa yake manne yana urefu mmoja, au kama fundi wa pili atakuta matope ndani ya kenchi, basi fundi wa kwanza alikuwa sahihi na hesabu hii yote itabidi tuipige upya.

Shangazi